Siku Moja Nje ya Mumbai: Jinsi Tunavyowapangia Wateja Safari za Kutwa

Wateja wengi wanaopitia ofisi yetu hapa Mombasa kwenda Mumbai hawaendi kutembea. Mmoja ni mgonjwa aliyeandikiwa upasuaji, mwingine ni ndugu anayemuuguza, wa tatu ni mfanyabiashara anayefuata vitambaa, na wa nne ni mzazi anayempeleka mwanawe chuoni. Hata hivyo karibu wote hujikuta na siku moja au mbili za kungoja, ama kwa sababu majibu ya vipimo hayajatoka, ama kwa sababu mzigo haujafungwa, na hapo ndipo ujumbe huanza kuingia kwenye simu zetu: leo tuna nafasi, twende wapi? Makala haya yanaeleza kwa nini swali hilo hatulijibu papo hapo, na kwa nini jibu tunalompa mteja wa Jumatatu si lile tunalompa mteja wa Jumanne.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka ya mwanzo tulipokuwa bado tunaipanga kazi hii kwa kutazama ramani, tuliiambia familia moja ya Kisauni iende kuona mapango ya kisiwa cha Elephanta, kwa kuwa kisiwa kiko kilomita kumi hivi tu kutoka gatini na safari ya boti ni ya takriban saa moja. Hesabu ya kilomita ilikuwa sawa. Hesabu ya juma ndiyo iliyotushinda, kwani siku ile ilikuwa Jumatatu na mapango hufungwa kila Jumatatu. Watu wanne, pamoja na bibi mwenye fimbo, walisimama kwenye jua mbele ya Gateway of India, lango kubwa la mawe lililo hapo gatini, wakiangalia njiwa. Tuliwarudishia fedha yao, na tangu siku ile tukaacha kuuza safari kwa kilomita. Safari ya kutwa nje ya Mumbai hupimwa kwa mambo manne: saa ya kuondoka, siku ya juma, msimu wa mwaka na, kwa baadhi ya sehemu, kupwa na kujaa kwa maji ya bahari.

Saa ya kuondoka inategemea umbo la mji wenyewe. Mumbai ilikuwa visiwa saba vilivyounganishwa kwa kujaza bahari, na hadi leo imekaa kama ulimi mrefu mwembamba ulioelekea kusini, ambapo maofisi mengi ya zamani yako kwenye ncha na wafanyakazi wengi wanalala kaskazini. Asubuhi umati wote huteremka kusini na jioni hupanda kaskazini. Mgeni aliyefikia kusini, Colaba au karibu na Churchgate, akapanda treni ya kwenda Borivali, kaskazini, saa mbili asubuhi, hupata kiti cha dirishani, ilhali treni anayopishana nayo imejaa hata watu wananing'inia milangoni. Jioni akirudi, bado anakwenda kinyume cha umati. Aliyefikia Andheri au Bandra, juu zaidi kaskazini, hana bahati hiyo, naye tunampangia kwa njia nyingine kabisa. Ndiyo maana swali letu la kwanza kwa kila mteja huwa ni mahali anapolala, kabla hatujamuuliza anataka kuona nini.

Tunapendelea treni kuliko gari, na hilo huwashangaza wateja wanaodhani gari la kukodi ndilo la heshima. Reli ya Mumbai ndiyo reli ya abiria kongwe kuliko zote nchini India. Treni ya kwanza iliondoka Bori Bunder tarehe 16 Aprili 1853 kwenda Thane, mwendo wa kilomita 34, yaani miaka 43 kabla ya ujenzi wa reli yetu kuanza hapa Mombasa mwaka 1896. Mahali pa Bori Bunder sasa pana stesheni kuu iliyofunguliwa mwaka 1887 kwa mchoro wa Frederick William Stevens, jengo la minara na sanamu za wanyama ambalo Unesco iliingiza katika urithi wa dunia mwaka 2004. Mteja anayeanzia safari hapo anakuwa ameona kitu kabla hata hajaondoka mjini. Wanawake wana mabehewa yao, na tunawashauri kina mama wanaosafiri peke yao wayatumie bila kuona haya. Ukishuka stesheni za kaskazini utakuta tuktuk, ambazo ndugu zetu wa Dar es Salaam huziita bajaji kwa jina la kampuni ya kule kule Maharashtra, jimbo lenye mji wa Mumbai. Lakini usizitafute Colaba, kwa kuwa haziruhusiwi kuingia sehemu ya kusini ya mji.

Sasa tuyatazame maeneo yenyewe, kwanza Elephanta, ambayo tumeijua vizuri zaidi kwa sababu ya aibu tuliyoitaja. Jina la wenyeji ni Gharapuri. Wareno ndio waliokiita kisiwa hiki Elephanta kwa sababu ya tembo mkubwa wa mawe waliyemkuta pale, na tembo huyo sasa yuko mjini, katika bustani ya Byculla. Vijiji vitatu vya kisiwani vinaitwa Rajbandar, Morabandar na Shetbandar, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa neno bandar limetoka wapi na limefika wapi. Boti za kwanza huondoka mnamo saa tatu asubuhi, nasi tunawataka wateja wawe gatini kabla ya saa hiyo, siku ya Jumanne, Jumatano au Alhamisi, kwa sababu Jumamosi na Jumapili foleni ya kupanda boti peke yake inaweza kula asubuhi nzima. Kukaa sehemu ya juu ya boti hulipiwa ziada kidogo, na fedha hiyo haipotei: unaiona Gateway ikipungua polepole nyuma yako, meli za mizigo zimetia nanga, na shakwe wakifuata boti kwa sababu abiria huwarushia vitafunio. Mwombe mwenye boti jaketi la kuokolea maisha na ulivae, usilikalie. Desemba 2024 boti ya abiria iligongwa katika njia hii na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha, na sisi hatumpeleki mteja asiyekubali sharti hilo.

Ukishuka kwenye gati la kisiwani unatembea kwenye daraja refu la mawe, au unapanda kigari-moshi kidogo cha watalii, kisha unapanda ngazi zipatazo 120 zilizozungukwa na vibanda pande zote mbili chini ya maturubai. Wazee wanaweza kubebwa kwa kiti kinachochukuliwa mabegani na watu wanne. Bei ipatanwe kabla ya kukalia. Weka chakula ndani ya mkoba uliofungwa, maana nyani wa pale ni wezi wa mchana. Ukifika juu unaingia ukumbi wenye giza na ubaridi, na hapo inafaa usimame kidogo macho yazoee. Hakuna jiwe lililoletwa mahali hapa: nguzo, dari na sanamu zote ni mlima ule ule uliochimbwa, katika karne ya 6, mpaka vikabaki vilivyotakiwa. Kwenye ukuta wa ndani kabisa kuna kifua na vichwa vitatu vya Shiva, mungu wa Kihindu, urefu wa kama mita sita. Wageni wengi hupiga picha na kuondoka. Kaa. Uso wa kushoto una masharubu na ghadhabu, na nyoka yuko karibu naye. Uso wa kulia ni mlaini kama wa mwanamke, umeshika ua. Wa katikati umefumba macho wala haujali kama upo au haupo. Mteja wetu mmoja, fundi wa milango ya kuchonga kutoka Lamu, alituambia kwamba alikaa mbele ya uso huo wa kushoto akitafuta mahali patasi ilipoteleza, na hakupaona.

Vasai huwa tunaitaja ya pili, ingawa watembezaji wengi wa Mumbai hawaitaji kabisa, na kwa mtu wa Mombasa pengine ingestahili kuwa ya kwanza. Unapanda treni ya njia ya Magharibi hadi Vasai Road, mwendo wa saa moja na robo hivi kutoka Churchgate, kisha tuktuk au basi hadi ngomeni. Mji huu Wareno waliuita Baçaim. Waliupata kwa mkataba na Sultani Bahadur Shah wa Gujarat mwaka 1534, wakajenga ndani ya kuta zake makanisa, nyumba za watawa na majumba ya wakubwa, wakaumiliki hadi mwaka 1739 ulipotekwa na Wamaratha, wenyeji wa sehemu hiyo ya India, chini ya Chimaji Appa baada ya mazingiwa. Sasa tazama upande wetu: ile Ngomeni yetu, Fort Jesus, ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, mhandisi mkuu wa Wareno katika India, na ikaanguka mikononi mwa Waomani Desemba 1698. Ngome zote mbili zilitawaliwa kutoka Goa, na mtu aliyekulia Mji wa Kale atazitambua kuta zile nene na maburuji yale yaliyochomoza nje ili mizinga ifyatue pembeni. Tofauti iko katika hali. Ya kwetu ina makumbusho na mlinzi; ya Vasai haina kiingilio, mapaa ya makanisa yameanguka, mizizi ya mibanyani imeshika madirisha, na chini ya miguu kuna mawe ya makaburi yenye maandishi ya Kireno ambayo watu huyakanyaga bila kujua. Kengele za makanisa hayo zilichukuliwa na washindi, na nyingine zinalia hadi leo katika mahekalu ya Kihindu. Utakuta pia maharusi watarajiwa wamekuja na wapiga picha wao, wakibadilisha nguo nyuma ya kuta za miaka mia nne. Ndani ya ngome usitegemee kupata maduka, kwa hivyo maji ununue stesheni.

Mapango ya Kanheri yanamfaa zaidi mtu mwenye miguu mizuri. Yako ndani ya hifadhi ya taifa ya Sanjay Gandhi, ambayo lango lake liko Borivali, na kutoka langoni kuna mwendo wa kilomita sita au saba kwa basi la hifadhi hadi chini ya mapango. Watawa wa Kibudha walichimba mapango 109 katika mlima huu mweusi wa basalti kuanzia karne ya 1 kabla ya Kristo, wakaishi na kusoma hapa kwa karibu miaka elfu moja. Pango namba 3 lina sanamu mbili za Budha za kama mita saba kila moja, lakini sisi humwambia mteja atazame chini: mifereji midogo iliyochongwa kwenye mwamba hukusanya maji ya mvua na kuyapeleka katika visima vilivyo karibu na kila pango, kazi ambayo mtu wa pwani mwenye birika la maji nyumbani ataielewa mara moja. Jumatatu nako kumefungwa.

Wakati wa mvua mambo hugeuka. Upepo wa kusi unaochafua bahari yetu kuanzia Mei ndio unaofika Mumbai mapema Juni ukiwa umebeba mawingu, na ndani ya miezi minne hadi Septemba mji hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000. Tarehe 26 Julai 2005 ilinyesha milimita 944 kwa siku moja na mji ukasimama. Katika miezi hiyo hatuuzi safari yoyote ya bahari, hata jua likiwaka asubuhi. Mteja tunampandisha mlimani, Lonavala, kwa sababu majira hayo hayo yanayofunga bahari ndiyo yanayoifungua milima: majabali makavu ya Aprili huwa ya kijani kibichi na maporomoko ya maji hushuka kila upande. Karibu na Lonavala kuna Karla, ukumbi mkubwa kuliko kumbi zote za ibada ya Kibudha zilizochongwa mwambani nchini India, wenye urefu wa zaidi ya mita 35, ambao dari yake ya mawe bado ina mbavu za mbao zilizowekwa pale yapata miaka elfu mbili iliyopita. Mbele yake kuna hekalu la Ekvira, mungu wa kike anayeheshimiwa sana na Wakoli, wavuvi wenyeji wa Mumbai, kwa hivyo Jumapili na sikukuu zao ngazi hujaa mahujaji. Wateja huulizia treni mashuhuri ya Deccan Queen, iliyoanza mwaka 1930. Ni treni nzuri, lakini ratiba yake ni ya watu wa mji wa Pune, hutoka kwao asubuhi na kuwarudisha jioni, kwa hivyo sisi tunakutafutia treni ya alfajiri. Kabla ya kurudi, nunua chikki. Ukiionja utasema ni kashata, na hutakuwa umekosea sana.

Matheran, mji wa mlimani ambako magari ya petroli hayaruhusiwi kuingia, tunampendekezea mwenye watoto, kati ya Novemba na Mei. Reli yake nyembamba kutoka Neral ilijengwa na familia ya Adamjee Peerbhoy na ikafunguliwa mwaka 1907. Sehemu kubwa ya njia hiyo husimamishwa wakati wa mvua.

Alibag, mji wa ufukweni, ni habari ya maji. Unavuka kwa boti kutoka Gateway hadi Mandwa, kisha kwa barabara hadi ufukweni, na mbele yako ndani ya bahari unaiona ngome ya Kolaba (si Colaba ya mjini) iliyoanzishwa enzi za Shivaji, mfalme wa Wamaratha, na baadaye ikawa makao ya jemadari wa majini Kanhoji Angre. Maji yakipwa unakwenda kwa miguu au kwa gari la farasi. Yakijaa, ngome ni kisiwa. Kwa kuwa kupwa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, ratiba ya juma lililopita haina thamani, na sisi hutazama jedwali la maji kwa tarehe yako hasa kabla ya kukubali kuipanga. Mvuvi wa Vanga hatahitaji maelezo haya. Mteja wa Nairobi, tafadhali, usitubishie: ukichelewa kutoka ngomeni utangoja saa nyingi, na boti ya jioni haitakungoja.

Kuna sehemu mbili tunazoulizwa mara kwa mara ambazo hatuziuzi kama safari za kutwa, ingawa wengine huziuza. Ya kwanza ni Murud-Janjira, ngome ya kisiwani iliyotawaliwa na Masidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao Wamaratha walijaribu mara nyingi kuwang'oa na hawakufaulu. Hata jina lake ni lile la Kiarabu la kisiwa. Tunaelewa kabisa kwa nini Mswahili anataka kuiona, lakini iko zaidi ya kilomita 150 kutoka Mumbai, na ingawa daraja la Atal Setu lililofunguliwa Januari 2024 limepunguza saa za mwanzo wa njia, bado utakaa garini mchana kutwa ili uione ngome kwa saa moja. Lala Murud usiku mmoja. Ya pili ni Nashik, ambayo hutajwa na wateja wa Kengeleni na Rabai waliosikia kwa wazee wao kwamba baadhi ya Waafrika waliookolewa utumwani walilelewa katika misheni ya huko kabla ya kuletwa Freretown, hapa Mombasa, katika miaka ya 1870. Hiyo pia ni safari ya siku mbili, na tunaipanga kwa furaha ikiwa daktari ameruhusu.

Tumemtaja daktari kwa makusudi. Mgonjwa mwenye mshono, au anayesafishwa damu, hatumpangii safari mpaka tupate ruhusa ya anayemtibu, na mara nyingi tunamshauri ndugu yake aende peke yake, nusu siku, wakati mgonjwa amelala. Kumwuguza mtu ni kazi, na anayeifanya hapungukiwi na upendo akienda kupunga upepo.

Kuhusu malipo, wateja kadhaa wamelalamika kwamba tuliwaficha bei. Ada yetu ni ya kupanga na kuwa hewani kwenye simu siku nzima. Nauli na kiingilio unalipa mwenyewe pale pale, na risiti ni yako. Lakini katika maeneo ya kale yanayosimamiwa na serikali, kama Elephanta, Kanheri na Karla, mgeni hulipa zaidi ya mara kumi ya anacholipa raia wa India, na hilo si ujanja wa wakala bali ni bei iliyobandikwa dirishani. Chukua pasipoti yako. Ratiba tunayokutumia huandikwa kwa saa za Kiswahili na, chini yake, kwa namna Wahindi wanavyozitaja, kwa sababu mteja mmoja aliambiwa boti ya mwisho ni ya saa tano na nusu, akahesabu kwa Kiswahili, akadhani ana muda hadi karibu na usiku wa manane.

Ukitaka tukupangie, tutumie siku mbili kabla jina la mtaa unaolala, tarehe ulizo nazo, umri wa mkubwa na mdogo wenu, na kama kuna asiyeweza kupanda ngazi. Tarehe ikiangukia Jumatatu, tutakupeleka Vasai.